Nani anakisoma kifua chako? Historia fupi ya kompyuta na eksirei



Kila mgeni aliyekuja kufanya kazi hapa Oman anaijua safari hii. Kabla ya kupata ukaazi unapimwa damu na unapigwa eksirei ya kifua. Unavua shati, unaegemeza kifua kwenye ubao wa baridi, unaambiwa vuta pumzi, usipumue, haya basi. Ni dakika mbili tu, lakini picha ile ndiyo inayosema kama utabaki au utarudi kwenu.

Mimi mwaka 2008 niliambiwa nirudi. Pana kivuli, pafu la kulia, juu. Usiku ule sikulala. Kazi nilishaacha kule nyumbani, kodi ya nyumba nimeshalipa hapa Maskati, na mke wangu na watoto walikuwa wanafunga mizigo. Kilichonisaidia ni mambo mawili. La kwanza, daktari aliyeniita alikuwa mama mtu mzima wa Kiomani, katika wale waliozaliwa kwetu Unguja, akaniuliza kwa Kiswahili: "Mwanangu, udogoni ushawahi kuugua kifua?" Nikamwambia ndiyo, nikiwa na miaka tisa, nikatibiwa nikapona. La pili, mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hatupi kitu. Picha yangu ya 1986 ilikuwamo kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati lake. Kaka akampa msafiri akaniletea. Zikatundikwa picha mbili kwenye taa, mpya na ya zamani. Kivuli kile kile, pale pale, hakijaongezeka hata kidogo. Kumbe ni kovu. Nikapimwa na makohozi kwa uhakika, nikapewa ukaazi.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia habari za picha hizi. Sasa kila mtu anasema eti kompyuta ndiyo itakayotusoma vifua, basi naona bora nisimulie jambo hili lilikoanzia. Wengi wanadhani kompyuta imeingia juzi, tena kwa ujanja wake. Kwa mtazamo wangu sivyo. Imeingia kwa sababu ya udhaifu wa macho yetu, na udhaifu huo ulijulikana zamani.

Wilhelm Röntgen aliigundua miale yake mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Kwa muda mrefu picha ile ilichukuliwa kama shahidi asiyesema uongo. Halafu mwaka 1947 ukachapishwa utafiti huko Marekani. Wataalamu walitaka kujua jambo dogo tu: katika kuwapima watu TB kwa wingi, ipi inafaa zaidi, filamu kubwa au ndogo? Wakachukua picha za watu zaidi ya 1,200, kwa aina nne za filamu, wakawapa wasomaji watano. Matokeo yake hawakuyatarajia. Tofauti baina ya msomaji na msomaji ilikuwa kubwa kuliko tofauti baina ya filamu na filamu! Na msomaji yule yule, akipewa picha ile ile baada ya muda, mara nyingine alijipinga mwenyewe. Henry Garland, naye daktari wa eksirei, akalishikilia suala hilo na kuwaonyesha wenzake kwamba karibu picha 30 katika kila 100 zenye ugonjwa hupita bila kuonwa.

Msiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2013 watafiti wa Boston waliwapa wataalamu 24 picha za CT za mapafu, wakawaambia tafuteni vinundu. Ndani ya picha za mwisho wakachomeka picha ya gorila, ndiyo, gorila, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 hawakumwona. Na wengi wao macho yalipita juu yake hasa.

Sisi tunaoshughulika na miswada ya Kiswahili cha hati za Kiarabu tusiwacheke. Herufi ya be kwenye muswada wa zamani unaweza kuisoma b, au p, au mb. Wino ni ule ule, lakini msomaji asiyejua lugha atasoma vingine kabisa. Nayo eksirei ni hivyo hivyo. Daktari haangalii picha tu, anaisoma, na msomaji huleta anayoyajua na anayoyatarajia.

Dawa ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa nyepesi: kila picha isomwe na watu wawili. Lakini nchi ngapi zinaweza? Kwetu Afrika Mashariki hata huyo mmoja ni wa kutafuta. Ndipo kompyuta ikaingia. Mwaka 1963 Gwilym Lodwick wa Missouri alichapisha njia ya kuzigeuza picha za saratani ya mapafu kuwa namba. Wakati ule daktari ndiye aliyetazama na kuandika alama alizoziona, mashine ikapiga hesabu tu.

Miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Kunio Doi na wenzake, akiwamo Maryellen Giger, walibadilisha lengo. Mashine isimwondoe daktari, bali iwe jicho la pili. Walifanya hivi: picha moja inatengenezwa kwa namna mbili, moja ikikoleza vitu vya mviringo, nyingine ikivififiza. Ukiitoa hii katika ile, kinachobaki huenda ni kinundu. Huenda, manake hata mbavu mbili zikikatana, au mshipa ukitazamwa kwa ncha, huonekana duara. Kengele za uongo zikawa nyingi. Hata hivyo mwaka 2001 Marekani iliruhusu mfumo wa kwanza wa kutafuta vinundu vya mapafu kwenye eksirei.

Programu za leo hazifundishwi sura ya kinundu. Zinapewa maelfu ya picha zenye majibu, zijifunze zenyewe. Mwaka 2017 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za vifua kwa kazi hiyo. Lakini mwaka uliofuata utafiti mmoja ulionyesha kwamba programu iliyofunzwa kutambua nimonia ilikuwa hodari pia wa kutambua picha imetoka hospitali gani, na ilisaidiwa na hata vile vipande vya chuma ambavyo mafundi huweka pembeni mwa picha. Hospitali yenye wagonjwa wengi, basi picha yake inapewa ugonjwa! Ilipopelekwa kwenye hospitali ngeni, uhodari ukapungua.

Na kwetu je? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa CAD4TB, programu ya Kiholanzi, uliotumia picha za watu wa Tanzania, na matokeo yalitia moyo. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani likakubali programu za namna hii zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuwachuja watu wa miaka 15 na zaidi kwa TB. Mahali pasipo na daktari wa eksirei hii ni neema, si haba.

Lakini angalieni inavyofanya kazi. Programu haisemi huyu mgonjwa, huyu mzima. Inatoa alama, tuseme kati ya 0 na 100. Mstari wa kukatia, nani aende kupimwa makohozi na nani aende zake, unawekwa na watu. Na jambo lililonigusa mimi ni kwamba programu hizi hukosea zaidi kwa mtu aliyewahi kuugua TB. Kovu na ugonjwa mbichi hufanana mbele yake.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mama. Sisemi macho yake yalikuwa makali kuliko mashine. Yeye aliuliza. Akataka picha ya zamani, akaniagizia kipimo cha pili. Mashine ije, karibu sana, lakini kwa msafiri mwenye kovu alama peke yake isiwe hukumu. Mstari ujulikane umewekwa na nani, na awepo mtu wa kujibu ukimwuliza.

Na nyinyi mnaojiandaa kuja huku, au mlio na wadogo zenu wanaokuja: kama uliwahi kuugua kifua, tafuta picha yako ya zamani na kadi ya matibabu, uiweke pamoja na pasipoti. Hakuna kompyuta itakayokukumbusha.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Maskati