Kutoka Darini hadi Uani: Jiko katika Nyumba za Kale za Pwani

Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi kati ya zilizosalia ni za karne ya 18, hazikuwa na jiko chini. Jiko lilikuwa juu kabisa, darini, chini ya paa la makuti lililoachwa wazi pembeni ili upepo upite. Wenyeji huliita kidari cha meko. Mgeni aliyekaribishwa barazani angeweza kula, kunywa kahawa na kuaga bila kuona moto wala mpishi.

Mpangilio wa nyumba yenyewe unaeleza kwa nini. Mtu huanzia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, akapita tekani, kijisebule cha ndani ya mlango, akatokea kiwandani, yaani ua mdogo usioezekwa ambao ndio unaoingiza mwanga. Kutoka hapo misana miwili, yaani kumbi ndefu, hufuatana, kisha ndani, chumba cha faragha kuliko vyote, ambacho ukuta wake mara nyingi umejaa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Upana wake hauzidi sana meta 2.8, kwa kuwa hapo ndipo boriti ya mkoko inapofika bila kupinda. Kipimo hichohicho kinaonekana katika nyumba za zamani za Ghuba, ambako boriti za Lamu na Rufiji zilipelekwa kwa majahazi msimu baada ya msimu.

Katika nyumba ya namna hiyo moshi ulikuwa adui. Lipu ya chokaa ilikuwa nyeupe, laini na ya gharama, na moto wa kuni ungeipaka masizi katika wiki chache. Joto nalo lisingekuwa na pa kutokea, kwa kuwa kuta za nje hazikuwa na madirisha ya kutosha. Juu, moshi ulijiendea. Hata makuti yakishika moto, kati ya paa hilo na vyumba palikuwa na sakafu nene ya mawe na chokaa iliyopondwa kwa vibao siku nyingi, na sakafu hiyo haiungui. Lililoteketea lilikuwa paa la jiko, na makuti mapya yalipatikana.

Vifaa havikuwa vingi. Mafiga matatu ya mawe au ya udongo yalibeba chungu, na penye familia kubwa palikuwa na meko mawili au matatu sambamba. Utaa, kichanja kilichofungwa juu ya moto, ulikausha samaki na kuweka nafaka mbali na wadudu. Kinu na mchi vilisimama pembeni pamoja na mbuzi wa kukunia nazi, na kifumbu cha kukamulia tui kilitundikwa ukutani. Kuosha kulifanyika kwa maji ya kuteka kwa kata, na yaliyomwagwa hayakuwa mengi. Katika nyumba nzima, maji mengi yalikuwa mahali pamoja tu: birika la chooni, lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na mara nyingine bakuli la kaure ya China lilijengewa kwenye sakafu ya birika ili samaki wapate pa kukaa maji yanapopungua. Mafundi wa zamani walijua maji ni kitu cha kuwekewa mipaka.

Jiko la darini lilikuwa na gharama isiyoonekana kwenye ramani ya nyumba. Kila mtungi wa maji, kila mzigo wa kuni na kila kapu la mchele lilipandishwa ngazi nyembamba, na chakula kilichopikwa kikateremshwa ngazi zilezile. Katika nyumba za matajiri kazi hiyo ilifanywa na watumwa, hasa wanawake. Maelezo mengi ya ujenzi wa Lamu husifu hewa safi ya kidari yakasahau migongo iliyoiwezesha. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Baada ya hapo jiko la juu likawa mzigo kwa mwenye nyumba mwenyewe, na katika nyumba nyingi likaanza kushuka: kwanza hadi msana wa juu au chumba cha pembeni, kisha hadi kiwandani.

Kushuka huko hakukuhitaji fundi. Kujenga ukuta wa mawe, kuchoma chokaa na kupanga boriti zilikuwa kazi za watu wenye ujuzi na malipo yake. Jiko halikuwa hivyo. Mafiga ya udongo yalifinyangwa na kupakwa upya na wanawake wa nyumba yalipopasuka. Makuti yalisukwa na wanawake pia, yakabadilishwa kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo sehemu pekee ya nyumba ya mawe iliyofanyiwa ukarabati na wakazi wenyewe, tena mara kwa mara, ilikuwa jiko, na waliolikarabati ndio waliolitumia.

Unguja mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Majumba ya Mji Mkongwe yaliyojengwa katika karne ya 19 yalizunguka ua mkubwa, na kwa Waarabu wenye uwezo upishi ulikuwa shughuli ya uani. Salme binti Said, binti wa Sultani, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza pilikapilika za jumba la Beit al-Sahel: wanyama wakichinjwa na kupikwa uani, samaki wakubwa wakiletwa wamebebwa na watu wawili. Hiyo ilikuwa nyumba ya Sultani na haiwezi kuwa kipimo cha nyumba nyingine. Wafanyabiashara wa Kihindi, kwa upande wao, walijenga nyumba nyembamba zenye duka chini na makazi juu, na jiko likawekwa nyuma, mbali na barabara.

Mtaani, nje ya majumba ya mawe, kulikuwa na jibu la tatu, na ndilo lililoenea kuliko yote. Nyumba ya Kiswahili ya Ng'ambo Unguja, ya Majengo Mombasa au ya Kariakoo Dar es Salaam ina ukumbi katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, na uani nyuma. Uani huko ndiko kwenye choo, bafu, stoo na jiko la banda. Kuta zilikuwa za miti na udongo, baadaye za matofali ya saruji. Paa la makuti likabadilishwa kuwa mabati. Mpango wenyewe haukubadilika. Ulifaa kwa sababu nyumba hizo zilipangishwa chumba kimoja kimoja, na banda la uani liliweza kubeba wapishi watano wenye mafiga yao bila mmoja kuingia chumbani kwa mwenzake. Ugomvi ulikuwepo, hasa juu ya kuni na zamu ya kufagia, lakini moshi haukuwa na mwenyewe.

Kilicholegeza mpango huo ni jiko la bati. Jiko la makaa la chuma, ambalo kuenea kwake Afrika Mashariki huhusishwa na Wahindi waliokuja kujenga reli, lilikuwa na faida moja iliyoshinda nyingine zote: linabebeka. Mpangaji hakulazimika tena kwenda bandani. Aliliwasha nje, makaa yakishika akaliingiza ukumbini au akaliweka mlangoni pa chumba chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi walianza kutengeneza jiko lenye kiuno chembamba na bitana ya udongo uliochomwa, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, nalo likapunguza matumizi ya makaa. Jiko la mafuta ya taa lenye tambi lilifika vyumbani pia. Kufikia hapo chumba cha jiko kilikuwa kimepoteza kazi yake katika nyumba nyingi za kupanga. Palipowekwa jiko ndipo palipokuwa jikoni.

Katika Mji Mkongwe hali hiyo ilifika kwa ghafla. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yaliyokuwa ya familia moja yalichukuliwa na Serikali, na familia kadhaa zikawekwa humo. Nyumba yenye jiko moja ikawa na meko sita au saba: koridoni, kwenye roshani, chini ya ngazi. Kila familia ilihitaji pia maji. Mabomba yalikuwa yamefika mjini tangu Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoleta maji kutoka chemchemi ya Chem Chem. Lakini kati ya bomba la mtaani na karo la kuoshea vyombo lililopachikwa kwenye ukuta wa ghorofa ya pili kuna tofauti kubwa, na nyumba hizo hazikujengwa kwa hilo la pili.

Hapa ndipo historia ya jiko inapokuwa historia ya kuanguka kwa nyumba. Ukuta wa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa nje polepole, ilimradi uso wake uachwe upumue. Jiko la kisasa huleta maji kila siku, na mwenye nyumba, akiona lipu inabanduka, hupiga saruji. Saruji haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yaliyoingia kupitia kiungo cha bomba au ufa wa kigae hubaki ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na plasta yenyewe hutoka kwa mapande makubwa ikichukua na uso wa jiwe. Boriti huumia zaidi. Katikati ya chumba boriti huonekana nzima, nyeusi na ngumu. Ncha yake iliyozama ukutani, mahali pasipoonekana, ndiyo iliyokwisha oza. Fundi mzoefu haitazami boriti. Huichokonoa kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, na bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, dari hiyo haina muda.

Uchunguzi uliofanywa Mji Mkongwe mwaka 1992 ulihesabu majengo 1,709 na kuona kuwa takriban robo tatu yalikuwa yakiharibika. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia mapaa yasiyotunzwa hadi umiliki usioeleweka, lakini maji yaliyovuja kutoka vyooni na jikoni yanastahili kutajwa mwanzoni mwa orodha. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilikuwa imeundwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lamu, iliyotangazwa na Serikali ya Kenya kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, ilifuata mwaka 2001. Katika miji yote miwili mwenye nyumba huhitaji kibali kabla ya kubadili jengo. Lakini sheria hutazama zaidi milango, roshani na sura ya mtaani, wakati kinachoimaliza nyumba kiko nyuma, chini ya karo.

Wakazi wanaotengeneza jiko kwa mikono yao katika nyumba hizi wamejifunza mambo kadhaa, mengi kwa hasara. La kwanza ni uzito. Sakafu ya zamani tayari ni nzito. Kaunta ya zege na vigae juu yake huongeza mzigo ambao boriti hazikukadiriwa kuubeba, na tangi la plastiki la lita 1,000 lililowekwa darini likijaa lina uzito wa tani nzima. Walioelewa huweka tangi juu ya makutano ya kuta badala ya katikati ya chumba, na hutumia meza ya mbao yenye miguu mahali pa zege. La pili ni njia ya maji. Bomba linaloachwa nje ya ukuta halipendezi, lakini likivuja huonekana siku hiyohiyo. Lililofukiwa huonekana baada ya miaka, darini kwa jirani. Karo nalo hukaa salama zaidi kwenye ukuta wa uani, ambako maji machafu yana safari fupi hadi shimoni, kuliko chini ya dirisha zuri upande wa barabara.

Chokaa ni somo gumu kuliko yote hayo kwa sababu inadai subira. Zamani matumbawe yalipangwa juu ya magogo kwa umbo la duara na kuchomwa, chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa kwa wiki au miezi kabla ya kutumika. Saruji hukauka kesho. Mtu anayepika barazani akisubiri jiko lake liishe hawezi kulaumiwa akichagua mfuko wa saruji, na hapo ushauri wa wataalamu hugonga ukuta. Wengine wamepata njia ya kati: vigae na saruji nyuma ya karo peke yake, kwa kimo cha mkono, na chokaa kuanzia hapo kwenda juu.

Gesi ya mitungi imebadilisha mahesabu tena. Haina moshi, kwa hiyo jiko linaweza kurudi ndani ya chumba kilichokataliwa karne tatu zilizopita, mradi mtungi uwe na hewa na usifungiwe kabatini. Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nyumba nyingi za pwani zilizokwisha fuata njia hiyo hazijaondoa jiko la makaa. Limehamishiwa uani au mlangoni, kwa sababu wali wa nazi bado hupaliwa makaa juu ya kifuniko, na hilo gesi haiwezi.