Kisima cha Broad Street

Watoto wetu hudhani ya kuwa maji yakiwa maangavu ni safi. Mwaka 1854 wakubwa wa London walidhani vivyo hivyo. Kisima chenye bomba cha Broad Street kilisifiwa kwa maji yake. Lakini mwisho wa Agosti kipindupindu kiliingia mtaani, na katika siku 10 watu zaidi ya 500 walikufa.

Daktari John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba, akaona wengi waliokufa walikunywa humo. Tarehe 8 Septemba mkono wa bomba uliondolewa. Padre Henry Whitehead hakusadiki kwanza. Naye alipopeleleza, alivumbua kwamba mama mmoja alifua nguo za mtoto wake mgonjwa, akamwaga maji katika shimo lililo karibu na kisima. Hakujua.

Zaidi ya nusu ya mwili wetu ni maji. Ndiyo yachukuayo chakula katika damu na kutoa taka. Kipindupindu huyamaliza kwa kuhara na kutapika, hata mtu aweza kufa kwa saa chache. Basi tuwafundishe watoto wasiyaamini macho tu: maji ya kunywa yachemshwe, na choo kiwe mbali na kisima.