Msimu wa pamba, bahati ya dhahabu na Jumamosi ya cherehani

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikaiacha Shinyanga na kituo. Karibu na kituo yakasimama maduka ya Wahindi, mbele ya duka baraza, na barazani cherehani ya kukanyaga kwa miguu, mara nyingi Singer. Utaratibu haukuwa na siri: unanunua kitambaa ndani, unatoka nacho nje, fundi anakupima, kisha unakaa ukingoni mwa baraza kusubiri. Uliokuja nao wanasubiri pia. Mtu aliyetoka kijijini kwa miguu, maili kadhaa, hakuwa tayari kurudi bila nguo yake. Basi nusu siku ikapita hapo kwa habari za ng'ombe, mvua na mahari, na fundi, kichwa kimeinamia sindano, akawa anajua mambo ya nyumba za watu kuliko mtendaji yeyote.

Kabla ya hapo nguo ilikuwepo, ila haikushonwa sana. Mwingereza John Hanning Speke alipopita nchi hii mwaka 1858, akitoka Kaze, jirani na Tabora ya leo, kuelekea ziwa kubwa, vitambaa vilikuwa ndiyo fedha yake: alilipa hongo kwa watemi kwa merikani na kaniki. Merikani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikavuka bahari mbili, ikabebwa na wapagazi hadi Unyamwezi. Wanyamwezi wenyewe walikuwa na pamba yao na vitanda vyao vya kufumia. Kitambaa chao kilikuwa kizito na imara, lakini kilichukua siku nyingi, na merikani ikakishinda kwa bei. Nguo hizo zilifungwa kiunoni au begani. Sindano ilikuja kukaa pamoja na misheni, kama ile ya Africa Inland Mission iliyoanza Kolandoto mwaka 1913, na hayo maduka ya kando ya reli.

Kilichoijaza baraza watu ni pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara, na chini ya uongozi wa Paul Bomani wakajenga vyama vyao vya ushirika. Muungano wa vyama hivyo, Victoria Federation of Co-operative Unions, ulianzishwa mwaka 1955, na katika muda mfupi ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kwa fundi cherehani jambo hilo lilikuwa na maana moja: fedha zilijulikana zinakuja lini. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, huchumwa kuanzia Mei, hupimwa na kulipwa katikati ya mwaka. Baada ya malipo zinafuata harusi, na ngoma za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma vinavyoshindana kuvuta watazamaji. Julai na Agosti ndiyo ilikuwa miezi ya mkasi. Mkulima aliyelipwa alileta nyumba nzima: suruali ya kaki ya mzee, gauni la mama, kaptula za watoto zilizoachiwa pindo refu ili zikue pamoja nao.

Wanawake walikuwa na ushonaji wao mwingine, na huu ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu haukuwa na haraka ya mteja. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 ulikuta vikundi vya akina mama vikifundishana kusoma, kupika na kushona. Baadaye ikaja WAWATA ya Wakatoliki, mwaka 1972, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kuanzia 1975, kikiwemo cha Buhangija mjini Shinyanga. Lakini darasa kubwa halikuwa na jengo. Jumapili baada ya ibada mkeka ulitandikwa chini ya mwembe, foronya nyeupe zikatolewa, na nyuzi za rangi. Mwenye mkono mzuri alichora ua au jogoo kwa penseli, wengine wakafuata mistari kwa sindano. Pembeni sahani ya michembe na karanga, chai ya maziwa, binti mdogo kazi yake kutunga uzi kwa bibi ambaye macho yamechoka. Vitambaa vilivyotoka hapo vilitandikwa mezani na migongoni mwa makochi, na msichana aliyeolewa bila kifurushi chake cha foronya alisemwa.

Halafu nguo ikaadimika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na kiwanda cha Mwatex kule Mwanza, kilichojengwa kusokota pamba ya nyumbani, kikawa kinahangaika kama vingine. Watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa doti moja ya khanga. Mafundi wakaishi kwa viraka na kugeuza kola, upande uliochakaa ukaingia ndani. Biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984 mitumba ikamwagika sokoni, na wengi wakadhani cherehani imefika mwisho. Haikufika. Suruali ya mtu wa Ulaya ilitaka kubanwa na kukatwa, na fundi akapata riziki kwa kurekebisha kile kilichotakiwa kumfukuza kazini.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, lakini wachimbaji wadogo hawakuacha kuchimba. Mgodi mpya mkubwa ulianza Geita mwaka 2000, na Bulyanhulu, wilayani Kahama wakati huo, mwaka 2001. Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Geita. Miji ya Kahama na Katoro ikavimba kwa watu kutoka kila pembe ya nchi. Fedha ya pamba ilikuwa na mwezi wake. Ya dhahabu haina. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likitema Jumanne, Jumatano mwenye duara ana kamati ya harusi, na Alhamisi fundi ameshushiwa vitenge vya upande mzima wa bibi harusi, na wapo vijana wa mgodini wanaotaka suti kabla zamu haijawaita tena. Msimu umekufa. Kilichobaki ni mwisho wa wiki.

Ndiyo maana Jumamosi ya sasa imebeba mzigo wa Julai ya zamani. Pita Katoro alasiri: cherehani ileile ya miguu imefungwa mota ndogo, ovaloki inalia pembeni, pasi ya mkaa inapulizwa mlangoni. Shangazi wa bibi harusi anaingia na wenzake. "Mwadila, mayu," fundi anamsalimu kwa Kisukuma, kisha anamwomba ainue mikono apimwe. Msichana mmoja kati yao anamwonyesha fundi mshono kwenye simu, mabega ya puto na mkia nyuma. Fundi anatazama picha, anatazama yadi sita, anatikisa kichwa: mkia huo unakula yadi nane. Mjadala unawashirikisha wote waliopo, na anayeuza karanga.

Charles Mwijage, alipokuwa waziri wa viwanda, aliwahi kueleza kwamba mwenye vyerehani vinne naye ana kiwanda, na nchi ikacheka sana. Hapa mitaani mzaha huo haukuwa wa mbali. Chumba cha vyerehani vinne kinaajiri wanaojifunza, kinashona sare za shule kila Januari na vitenge vya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, kila mwaka. Kasoro yake iko kwingine: pamba nyingi ya Tanzania bado inasafirishwa ikiwa robota, na kitenge kilicho mezani kwa fundi huenda kimetoka China.

Madera na magauni yaliyoshonwa tayari kutoka Kariakoo yanauzwa mlango wa pili, kwa bei inayomuumiza fundi. Kwa nguo ya kila siku ameshashindwa, na hasemi vinginevyo. Lakini sare ya ukoo, wanawake kumi na watano wa maumbo kumi na tano katika kitenge kimoja, haipatikani dukani. Kwa kazi hiyo anadai nusu ya fedha kwanza, na anaahidi Ijumaa. Kamati inajua ni Jumamosi asubuhi, na itakuja na chai yake.