Vichwa Vilivyosinzia Mahenge

Historia ya kifafa katika milima ya Mahenge, nchi ya Wapogoro kusini mwa Tanzania, kwa kawaida huanzia kwa Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyefungua kliniki huko kuelekea mwaka 1960 na kuanza kuwatibu wagonjwa kwa fenobabitali. Sifa yake ni ya haki. Lakini miongoni mwa mambo aliyoyaandika miaka ya 1960 limo moja linalodai mashahidi wengine: watoto walioinamisha kichwa mara kwa mara, kama wanaosinzia, bila kukusudia. Degedege la namna hiyo hupita upesi, wala halingoji siku ya kliniki. Macho yaliyoliona yalikuwa ya watu wa nyumbani, na ujuzi wa mwanzo ulikuwa wao.

Atatokea wa kupinga: si jamii hiyohiyo iliyoamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate, ikamtengea mgonjwa chombo chake na kuogopa kumgusa hata alipoangukia motoni? Ni kweli, na madhara yake yalikuwa makubwa mno kuyafunika. Hata hivyo, kilichomtenga mgonjwa ni maelezo ya chanzo cha ugonjwa. Yale yaliyoonwa yalibaki sahihi. Miongo kadhaa baadaye, kusinzia kulekule kulipowasumbua watoto wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha kwamba ni kifafa: misuli ya shingo hulegea ghafla, kichwa kikaanguka.

Wala sayansi ya tiba yenyewe haijamaliza maelezo ya chanzo. Maeneo haya yote yana usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito iendayo kasi. Uhusiano wake na kifafa umethibitika mara nyingi, ingawa wataalamu bado wanabishana jinsi unavyoudhuru ubongo. Ubishi huo haujazuia kugawa ivermectini, dawa ya usubi, na ni vyema haukuzuia. Basi tusimdai mzazi nadharia kamili ndipo tuusadiki ushahidi wake. Mhudumu wa afya anayeuliza tu mtoto ameanguka mara ngapi atawakosa wale ambao kifafa chao, kwa sasa, ni kichwa kinachoinama tu.