Kwa nini fidia ya jeraha la mgongo huzua mvutano

KIDOLE kilichokatwa na mashine huonekana na kila mtu, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 nchini Kenya, maarufu kama WIBA, ina jedwali la kukadiria ulemavu wa aina hiyo. Mgongo wa mpakiaji wa magunia hauna bahati hiyo.

Jedwali hilo limetawaliwa na viungo vilivyopotea: mikono, miguu, vidole na macho. Jeraha lisilotajwa humo hukadiriwa asilimia na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na hapo ndipo mvutano huanza.

Tofauti ya asilimia chache si jambo dogo. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu hulipwa kwa kadiri yake. Kwa mfano, anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi atapata Sh96,000 akikadiriwa asilimia 5, na Sh384,000 akikadiriwa asilimia 20.

Hoja ya kawaida ya waajiri na kampuni za bima ni kwamba maumivu yametokana na umri, wala si kazi. Hoja hiyo haikosi msingi wa kitabibu. Picha za MRI huonyesha diski zilizochakaa hata kwa watu wasiolalamikia maumivu yoyote, na uchakavu huo huongezeka kadiri miaka inavyosonga. Hata hivyo, kunyanyua mizigo mizito mara kwa mara nako huhusishwa na maumivu ya kiuno, hivyo picha pekee haiwezi kumaliza ubishi kwa upande wowote. Mwajiri anaweza pia kumtaka mdai apimwe na daktari aliyemteua yeye, na si ajabu ripoti mbili zikapingana.

Ndiyo maana kumbukumbu za siku ya tukio huwa na uzito kuliko picha ya miezi sita baadaye. Mfanyakazi anaweza kumwarifu mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye hutakiwa kumjulisha Mkurugenzi ndani ya siku saba, na dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Wengi hujichua kwa dawa, wakarudi kazini, wakitumaini maumivu yatapoa. Wanapokwenda hospitalini, hakuna karatasi inayoyahusisha na gunia.

Hali ni ngumu zaidi kwa vibarua wa masokoni kama Marikiti, Nairobi, wanaolipwa kwa kila gunia. Je, mwajiri ni mfanyabiashara, mwenye lori au dalali? Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia ili kukomesha lumbesa, lakini kikomo hicho hakimsaidii kibarua kuthibitisha ni nani aliyemwajiri.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Akishindwa, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Njia hiyo yenyewe ilibishaniwa kwa muongo mzima. Mwaka 2009, Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya WIBA, kikiwemo kinachozuia kesi za fidia kupelekwa mahakamani moja kwa moja. Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikauunga mkono msimamo huo Desemba 3, 2019.

Maelfu ya wadai waliokuwa wamefungua kesi katika kipindi hicho walijikuta njia panda. Ni mwaka 2023 tu ambapo maagizo ya Jaji Mkuu yaliruhusu kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa 2019 ziendelee mahakamani hadi zikamilike. Madai ya baada ya hapo huanzia kwa Mkurugenzi.