Anatakikana Msichana wa Duka

Juzi niko Mji wa Kale natafuta kazi, naona karatasi mlangoni: "Anatakikana msichana wa duka." Nikaingia hivyo hivyo. Tajiri akanijibu, "Kijana, wateja wetu ni kina mama."

Sasa hebu turudi nyuma kidogo. Leso za Kaderdina Hajee Essak, zile za "Mali ya Abdulla", zimekuwepo Mombasa tangu 1887. Miaka nenda miaka rudi, mnunuzi mama, muuzaji mwanamume, na Biashara Street ikanawiri. Wakati huo msichana ndiye aliyekuwa hapewi kaunta. Ilikuwa dhuluma. Leo dhuluma ni ile ile, imehama upande tu.

Na msidhani wasichana ndio wamependelewa. Tajiri yule alimalizia mwenyewe: "Msichana hasumbui kuhusu mshahara." Kumbe!

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa jinsia tangu kwenye kuajiri, na inataka kazi ya thamani sawa ilipwe sawa. Kesi ikifika kortini, ni mwajiri atakayethibitisha kwamba hakubagua.

Kwa hivyo ukiiona karatasi kama ile, usiondoke kinyonge. Ipige picha kwanza.