Nguzo za Barrio Logan: Mtaa Uliojiinua kwa Rangi



Jubilei hutufanya tutazame kuta zetu na kuuliza: ni mikono ya nani iliyozisimamisha? Kwa sababu hiyo tunawasimulia habari ya mtaa wa mbali, Barrio Logan, katika mji wa San Diego, nchini Marekani. Wengi wa wakaaji wake ni wa asili ya Meksiko, na baadhi yao hujiita Chicano.

Mtaa huo ulijeruhiwa mara nyingi. Katika miaka ya 1950, wakuu wa mji waliruhusu viwanja vya kubomolea magari makuukuu katikati ya nyumba za watu. Mwaka 1963 barabara kuu ikaukata vipande viwili. Mwaka 1969 daraja la Coronado likafunguliwa, na nguzo zake za betoni zikasimama pale palipokuwa na makao. Jamaa nyingi zilihama. Waliobaki waliahidiwa bustani chini ya daraja.

Lakini tarehe 22 ya mwezi wa nne 1970, mwanafunzi Mario Solis aliona mashini zikisawazisha udongo. Alipouliza, akaambiwa kwamba ni kwa ajili ya kituo cha polisi wa barabara. Akakimbia kupasha habari. Wamama, wazee na vijana wakaja, wakashikana mikono kuzizunguka mashini, wakaanza kupanda maua. Walikaa pale siku 12, mpaka wakuu wakakubali kupatana nao. Ndivyo ilivyozaliwa bustani ya Chicano Park.

Rangi ilikuja baadaye. Salvador Torres, mchoraji aliyekulia mtaani humo, alitamani kuziona nguzo zile zimegeuka picha. Mwaka 1973 kazi ikaanza: wachoraji wakitangulia, majirani wakashika burosi pamoja nao. Sisi tulioijua salongo ya kuamriwa twatambua tofauti: kila mtu alikuja kwa kupenda. Wakachora mababu zao, wafanyakazi wa mashamba, na Bikira Maria wa Guadalupe.

Katika miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuziimarisha nguzo kwa hofu ya tetemeko la ardhi, na picha zikawa hatarini. Watu wa mtaa wakasimama tena, nazo zikahifadhiwa. Mwaka 2016 bustani hiyo ikatambuliwa kuwa mahali pa historia ya taifa zima.

Tusidanganyike: rangi haikuondoa shida zote. Moshi wa magari na wa viwanda uliendelea kuwasumbua wakaaji. Lakini betoni iliyoletwa bila kuwauliza wameifanya kuwa yao, na kila mwaka katika mwezi wa nne hukusanyika chini yake kusherehekea.

Basi, ndugu, ukuta uliopakwa rangi na wageni huchakaa bila mtu kujali. Ukuta ambao mtoto amemwona mama yake akiupaka, huyo mtoto ataulinda. Tuwape watoto wetu burosi.